Weusi wa Kioo cha Nesi Modesta

Mkinijia na vioo vyenu vya siku hizi, vyembamba kama sinia, mnaniambia, "Bibi, ona kinavyong'aa." Kung'aa! Nikilisikia neno hilo mkono unaniwasha. Bati jipya nalo linang'aa, mbona hamtazamii taarifa ya habari humo? Mimi nimekaa Igoma, kwenye banda la kutengeneza televisheni na monita, miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu, mpaka jina la Leokadia likasahaulika wakaniita Mama Skrini. Kioo mnachotaka kukijua, ulizeni kwanza weusi wake. Weupe ni rahisi, hata kioo kibovu kinautoa. Weusi ndio kazi.

Fanyeni hivi leo mkirudi nyumbani. Wekeni picha nyeusi tupu, funikeni dirisha, mkae kidogo mpaka macho yazoee. Kioo kizuri kitapotea gizani. Kibaya kitabaki pale, kijivu, kama moshi uliogoma kutoka jikoni. Halafu wekeni picha nyeupe. Swali la fundi ni moja: huo weupe una nguvu mara ngapi kuliko huo weusi? Mara kumi? Mara mia? Namba hiyo ndiyo inayosema kioo kinaona nini na kinaficha nini. Mimi nimeipima mara nyingi, lakini iko mara moja nisiyoisahau, kwa sababu pembeni ya kioo alisimama mwanamke akisubiri kuambiwa kama ana macho au hana.

Nitafika huko. Mniache kwanza nianzie kwa ng'ombe.

Nilipotoka Bukoba nikiwa msichana, kazi yangu ya kwanza Mwanza ilikuwa kwenye studio ya picha ya Mzee Ndaki, Msukuma mrefu, mpole, asiyejua kukasirika. Mimi nilikasirika kwa niaba ya wote wawili. Enzi hizo picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na unaisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, karatasi inaogelea kwenye dawa mpaka sura ijitokeze. Siku moja tukaitwa upande wa Magu kumpiga picha ng'ombe dume wa mfugaji mmoja, mweusi tii, fahari ya boma zima. Picha niliisafisha mimi. Nikaiacha kwenye dawa muda mrefu makusudi, ili mweusi awe mweusi kweli, nikajipongeza. Mwenye ng'ombe alipoifuata aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akamwambia Mzee Ndaki kwa upole kabisa kwamba yeye alitoa ng'ombe, na sasa anarudishiwa shimo lenye pembe.

Lo, nilitamani sakafu ipasuke nizame. Mzee Ndaki hakunigombeza. Alinirudisha chumba cha giza tukaisafisha upya mara nne, mpaka ndani ya ule weusi yakaonekana manyoya ya bega, mikunjo ya shingo na kovu la chapa pajani. Mfugaji akacheka, akamwita ng'ombe wake kwa jina. Mzee Ndaki akaniambia kwamba weusi una vitu ndani yake, na fundi anayevizika amemwibia mwenye picha. Maneno hayo nimeyafanyia kazi maisha yangu yote.

Baadaye biashara ikafunguliwa na Mwanza ikafunguka nayo. Vitu tulivyokuwa tunavisikia kwa watu vikawa vinateremshwa kwenye malori pale barabara ya Musoma: televisheni, deki za video, na mwishoni mwa miaka ya tisini, monita za kompyuta za mitumba, zimechoka huko zilikotoka, nyingine bado zina vikaratasi vya ofisi za watu vimebandikwa pembeni. Picha za rangi na mashine zake zikaiua studio yetu. Mzee Ndaki akarudi kwake Pasiansi kupumzika, mimi nikahamia kwenye vioo. Nilijifunza kwa fundi redio wa jirani, na kwa shoti za umeme, ambazo ni mwalimu mkali kuliko wote.

Wauzaji walikuwa na ujanja wao. Monita iliyozeeka wanaizungusha kitufe cha mwanga mpaka mwisho, inawaka dukani kama bibi harusi, mteja anafurahi, anabeba. Wiki ya pili macho yanamtoka machozi, ananiletea. Ninachofanya ni kurudisha kitufe nyuma, basi. Weka picha nyeusi kwanza, teremsha mwanga taratibu mpaka weusi uungane na ukingo wa kioo, simama hapo hapo. Kisha ndipo upandishe weupe. Ukianza na weupe umekwisha. Niliwaambia mafundi wenzangu wa Igoma hilo, wakasema Mama Skrini anaharibu biashara za watu.

Sasa hiyo kamera. Niliijua kwa Deo, mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, Mhaya mwenzangu, msomi, nadhifu, shati limenyooshwa hata akiwa anapima samaki. Kiwanda kilimpa kamera ya dijitali, ya kwanza mimi kuiona, awapigie picha wanunuzi wa ng'ambo waone minofu. Kwenye monita ya ofisini kwake minofu ilionekana imechacha, wakati samaki katoka ziwani asubuhi ile ile. Nikamrekebishia monita, tukawa marafiki. Ile kamera, jamani! Unapiga, unaona papo hapo. Hakuna dawa, hakuna chumba cha giza, na ukiifungua picha kwenye kompyuta unaweka kishale mahali popote ikakuambia kwa namba hapo pana mwanga kiasi gani. Mimi niliyezeekea kwenye kukadiria kwa jicho niliona muujiza, na hadi leo nasema hivyo bila aibu. Shida ni kwamba Deo aliisainia, basi hakukubali kuitoa shingoni. Ukitaka kamera, unaichukua pamoja na Deo.

Nesi Modesta alikuja bandani siku ya Jumatatu kabla sijamaliza kufungua. Mwanamke wa Ukerewe, umri kama wangu, sauti ndogo. Akaketi juu ya sanduku la televisheni bila kukaribishwa. Alikuwa anaendesha mashine ya ultrasaundi kwenye hospitali moja ya kando ya ziwa, sitaitaja, mashine ya msaada, ya kwanza pale, ya kuwatazamia akina mama wajawazito. Akanieleza yaliyomkuta. Mama mmoja wa upande wa Magu alipimwa naye, akaambiwa ana mtoto mmoja na amekaa vizuri. Basi akaenda kujifungulia nyumbani. Mtoto akazaliwa, ndugu wakashangilia, kumbe ndani kuna mwingine amelala kimshazari. Walimkimbiza hospitali kwa pikapu iliyobeba pamba, amelazwa juu ya mzigo. Mungu ni mkubwa, mama akapona na watoto wote wawili wakapona, lakini ilikuwa chupuchupu.

Huku Usukumani pacha hawapotei hivi hivi. Majina yao yanawasubiri hata kabla hawajazaliwa, Kulwa na Doto. Familia ikaja kuuliza, na ilikuwa na haki yake: nesi gani anatazama tumboni akamwona Kulwa peke yake? Mganga mkuu wa hospitali akamwandikia Modesta barua. Ijumaa kingekaa kikao, na akionekana hana uwezo angeondolewa kwenye ile mashine moja kwa moja.

Nikamuuliza anataka nini kwangu. Alikuwa anaikunja barua na kuikunjua.

"Mama Skrini, nenda ukanipimie kioo. Kikiwa kibovu, useme. Kikiwa kizima, basi kipofu ni mimi, na nitaondoka mwenyewe kabla hawajaniondoa, nisije nikaua mtu."

Sijawahi kumsikia mtu anajihukumu kwa utulivu namna ile. Nilimheshimu hapo hapo, nikamwambia kesho naja.

Jumanne nikaenda na Deo, kamera shingoni. Pembeni mwa kioo cha mashine ile kulikuwa na ngazi ndogo ya vijivu, vidato kumi na sita, cha juu kabisa cheupe, cha chini kabisa cheusi. Waliotengeneza mashine waliiweka makusudi, mtu ajue kioo chake kinaonyesha nini. Nikamwambia Deo akipige picha kidato cha juu, kisha cha chini, kwa karibu. Tukaenda kiwandani kwake kufungua picha kwenye kompyuta. Weupe ulikuwa kijivu. Weusi ulikuwa kijivu. Namba zao zilikaribiana kama ndugu wa tumbo moja. Nikasema kioo kimekufa, sikungoja hata chai, nikarudi mbio kumwambia Modesta. Hapo ndipo alipolia. Alinishika mikono yote miwili, na mimi nikatembea kurudi Igoma kifua mbele, utadhani nimeikomboa nchi.

Jumatano asubuhi nikapita kiwandani kumshukuru Deo. Kwa raha tu nikamwambia apige na monita yake ya ofisini, ile niliyoirekebisha mwenyewe, tuone kioo kizima kinasoma nini. Akapiga weupe, akapiga weusi, akafungua. Kijivu na kijivu. Namba zile zile za hospitali. Deo akanitazama, mimi nikatazama ukuta.

Nikaenda Pasiansi kwa Mzee Ndaki, njia nzima najisemesha. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaniona uso ulivyo akaniacha nimwage yote. Aliuliza jambo moja tu: hiyo kamera mpya, muda wa kufungua jicho lake inachagua nani? Nikasema inachagua yenyewe. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kamera inayojichagulia, akasema, ni kamera yenye adabu nyingi mno. Ikiona weupe inafumba jicho upesi, ikiona weusi inakodoa muda mrefu, ili kila picha itoke kijivu cha kupendeza. Imenisawazishia mbingu na nchi kwa heshima tu. Na mimi nilijua hilo! Miaka saba nimefundishwa na mtu huyo huyo, nikapumbazwa na kitu kipya chenye kung'aa, mimi ninayewasema wenzangu.

Nikamuuliza sasa nifanyeje. Akanielekeza bombani uani kwake. Chukulia una mabomba mawili, akasema, moja lina nguvu na jingine linadondosha, unataka kujua hili linalishinda lile mara ngapi, na kipimo huna. Utafanyaje? Nikamwambia nitachukua ndoo moja, nitahesabu muda wa kuijaza hapa na muda wa kuijaza pale. Mzee akanyanyuka kwenda kunitafutia stendi yake ya kamera ya miguu mitatu.

Hiyo ndiyo njia yenyewe, wanangu, na inafaa hadi leo. Iondolee kamera uhuru wa kujichagulia. Tundu lake la mwanga lifunge mahali pamoja, lisibadilike. Piga weupe kwa muda mfupi, usome kwenye kompyuta imetoka namba gani ya kijivu. Namba hiyo ndiyo ndoo iliyojaa. Kisha piga weusi kwa sekunde moja, mbili, tatu, endelea kupandisha, mpaka upate picha yenye namba ile ile. Weupe ukijaza ndoo kwa robo sekunde na weusi ukaijaza kwa sekunde kumi, basi weupe una nguvu mara arobaini. Kwenye vioo vile vya zamani vyenye mgongo msishuke chini ya robo sekunde, maana picha yake inachorwa mstari kwa mstari, ukiwa na haraka unakamata mkanda mweusi katikati ukadhani kioo kina ugonjwa. Na msivae nguo nyeupe. Jumanne nilivaa blauzi nyeupe, na kwenye picha za Deo nikaja kujikuta nimo mwenyewe ndani ya kioo, naelea kama mzimu.

Lakini kabla ya kupima tena ilinibidi nimrudie Modesta siku ile ile, nimwambie nimekosea. Mficha uchi hazai, walisema wazee, ila hawakusema kuufunua kunaumaje. Alikuwa anakunja mashuka. Nilimweleza kila kitu, kamera ilivyonidanganya na nilivyokuwa na haraka ya kumfurahisha. Alikunja shuka mpaka likaisha. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba bado iko Alhamisi, nije nipime tena. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Alhamisi nilikuja na gauni jeusi, stendi ya Mzee Ndaki, na Deo. Kamera ikafungwa kwenye stendi, mkanda wake bado uko shingoni kwa Deo, kwa hiyo na yeye akawa amefungwa pale kama mbuzi kwenye kigingi. Tulipima kwanza chumba kilivyo, yaani kama Modesta anavyofanya kazi kila siku: dirisha kubwa la kuelekea ziwani, pazia wazi, jua limeingia mpaka kitandani. Halafu nikaomba blanketi la wodini, nikajifunika mimi, kamera, kioo na Deo mwenyewe, tukapima tena bila mwanga wa dirisha. Joto la humo msiulize. Shati la Deo lilikunjamana siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikiwa bado ndani ya blanketi nikapeleka mkono nyuma ya kioo kutafuta kitufe cha mwanga, nikirekebishe nipime mara ya tatu. Kidole kikagusa kitu kinachonata. Plasta. Plasta ya hospitali, tabaka mbili, imebandikwa juu ya kitufe kukishikilia kikiwa kimezungushwa mpaka mwisho, pale pale wauzaji wa Igoma wanapokipeleka. Nikaibandua. Nikateremsha mwanga mpaka weusi ukaungana na ukingo, tukapima, nikakirudisha kitufe na plasta yake kama nilivyovikuta. Kisha nikatoka kwenye blanketi, nikamuuliza Modesta nani aliyeweka plasta nyuma ya kioo.

Akakaa kitandani, akasema ni yeye.

Akanihadithia. Mashine ilipokuja walielekezwa chumba kiwe na giza na kioo kisizidishwe mwanga. Lakini akina mama waliotoka mbali, Magu huko na visiwani, walikuwa hawakubali. Uingie chumba cha giza, ulale tumbo wazi, kuna kitu kinanguruma? Wakwe zao ndio kabisa: mkamwana wangu afungiwe gizani na dude nisilolijua? Mmoja alifika mlangoni, akageuka, akarudi kwao bila kupimwa. Huyo ndiye aliyemkosesha Modesta usingizi. Basi akafungua pazia. Kwenye jua kioo kikafifia, akazungusha kitufe mpaka mwisho, akakibandika ili mfuta vumbi asikiguse. Akina mama wakaanza kuja wenyewe. Wanalala, mkwe anasimama pembeni, mtoto anarusha mguu kwenye kioo, wote wanacheka. Foleni ikafika getini. Hakujua kwamba kila alichowaongezea akina mama kwenye weupe, alikuwa anakitoa kwenye weusi. Na kwenye picha ile ya tumboni, mengi yamo kwenye weusi.

Tulienda kiwandani tukafungua picha. Mara zote tatu weupe ulijaza ndoo kwa robo sekunde. Chumba kilivyo, weusi ulijaza kwa sekunde mbili: mara nane tu. Chini ya blanketi na plasta yake, sekunde tatu: mara kumi na mbili. Chini ya blanketi plasta imebanduliwa, tukaenda sekunde mbili, nne, nane, na nane ndiyo mwisho wa kamera ile, ndoo haijafika hata nusu. Kioo kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kioo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvishika.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijivunii. Ijumaa asubuhi nilimvuta Modesta pembeni nikamwambia kwamba kikaoni nitataja nane, basi. Nane ni namba ya kweli, nimeipima. Plasta sijaulizwa. Wataona kioo ni kibovu, wataagiza kingine, yeye atabaki na kazi yake, na plasta nitaibandua mimi kimya kimya. Nilimpenda yule mwanamke na nilitaka apone. Alinisikiliza, akanishukuru, hakusema ndiyo wala hapana.

Kikao kilikaa mle mle chumbani, mganga mkuu na wajumbe watatu, jua limejaa. Nilimwomba huyo daktari mkuu akae kwenye kiti cha Modesta ahesabu vidato vya ile ngazi pembeni mwa kioo. Akahesabu: kumi na kimoja. Nikamwomba ahesabu tena. Kumi na kimoja. Nikamwambia viko kumi na sita, vitano vya chini vimemezwa, na kilichokaa kwenye weusi wa vile vitano hakuna jicho la mtu lingekiona, liwe la nesi au la daktari. Nikataja nane yangu. Daktari akamwambia mjumbe aliyekuwa anaandika aandike kwamba kosa ni la kioo, kiagizwe kingine.

Ilikuwa imekwisha. Modesta alikuwa amepona. Mimi nikaanza kukunja karatasi zangu. Ndipo aliposimama.

"Daktari, usiandike hivyo. Kioo ni kizima. Nyuma yake kuna plasta, niliiweka mimi, na hilo pazia nililifungua mimi. Mkileta kioo kipya nitakifanyia hivyo hivyo, na Doto mwingine hataonekana."

Nilitaka kumziba mdomo. Kisha nikaona aibu, aibu ya kweli, maana mimi niliyefundishwa kutovizika vitu kwenye weusi ndiye niliyekuwa nataka kukizika kilicho kikubwa kuliko vyote. Alieleza yote kama alivyonieleza mimi, yule mama aliyegeuka mlangoni, wakwe, foleni. Hakuomba asamehewe. Nimewaona watu jasiri maishani mwangu, na wengi wao walikuwa na sauti kubwa. Huyu ilibidi wajumbe wainamishe vichwa wamsikie.

Daktari alinyoosha mkono nyuma ya kioo, akaibandua ile plasta mwenyewe, akainuka akavuta pazia, kisha akaniomba nirekebishe. Nikarekebisha. Akahesabu kwa sauti, taratibu, akafika kumi na sita. Akarudi akakaa. Alisema tangu mashine ifike amekaa kwenye kiti kile mara zisizo na idadi, amepima wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na hajawahi kujua kwamba haoni. Akamwambia mjumbe afute aliyoandika.

Nje kulikuwa na akina mama kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari akamwambia Modesta amwite anayefuata.

Akaja binti mdogo na mkwe wake. Alipoona giza akasimama mlangoni. Modesta akamfuata pale pale.

"Humu kuna giza kidogo, mama, ndilo linalotuonyesha mtoto. Utanishika mkono huu usiuachie, mimi nitafanya kazi na huu mwingine."

Mkwe akapewa kiti karibu kabisa na kioo. Binti akalala, vidole vyake vimeng'ang'ania mkono wa Modesta, na Modesta akapima kwa mkono mmoja, akaenda juu, akashuka, akarudi alikokwisha pita, muda mrefu. Sisi wengine tulisimama ukutani. Daktari alikuwa amekaa pembeni na kadi ya mgonjwa gotini, na kioo kiko usawa wa bega lake, angegeuza shingo tu angeona kila kitu. Akauliza, "Wangapi?"

"Mmoja, daktari."

Akaandika: mmoja. Shingo hakuigeuza.